Uchambuzi: Udongo na Maji ya Karakana za Reli za Zamani Hupimwaje, na Mwananchi Asomeje Majibu

Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi huduma za treni ya umeme katika Reli ya Kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa hatua hiyo usafiri wa reli nchini uliingia katika awamu ya tatu ya nishati ya kuendeshea treni. Ya kwanza ilikuwa ya mvuke, Reli ya Kati ilipojengwa kuanzia mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ya pili ni ya dizeli, na ya tatu ni hii ya umeme. Kila awamu imekuwa na karakana zake, na kila karakana imekuwa na mafuta, rangi, betri na vimiminika vyake.

Teknolojia ya reli inapobadilika popote duniani, baadhi ya yadi na karakana hupoteza kazi yake ya awali. Maeneo hayo mara nyingi yako katikati ya miji, jirani na masoko, shule na makazi, na thamani yake ni kubwa. Kabla hayajageuzwa kuwa maduka, nyumba au viwanja vya michezo, lipo swali linalopaswa kujibiwa: je, udongo na maji yaliyo chini yake ni salama kwa matumizi mapya?

Jibu la swali hilo halipatikani kwa macho. Nyasi huota vizuri juu ya udongo wenye sumu, na maji ya kisima huweza kuwa maangavu yakiwa na kemikali iliyoyeyuka. Jibu hupatikana kwa uchunguzi, nao una kanuni zake. Mojawapo ya mifano iliyoandikwa kwa kina zaidi ni wa yadi ya reli ya Paoli, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Mfano huo unaonyesha jinsi vipimo vinavyofanyika, na jinsi tarakimu moja inavyoweza kuamua ni ua wa nani utakaosafishwa.

Yadi ya Paoli

Paoli ni mji mdogo ulio magharibi ya Philadelphia. Mwaka 1915 kampuni ya Pennsylvania Railroad ilianza kuendesha treni za umeme kati ya miji hiyo miwili, na yadi ya Paoli ikawa mahali pa kuegesha na kutengeneza mabehewa. Eneo la yadi lina ukubwa wa takribani ekari 28. Linazungukwa na makazi, na maji yake ya mvua huteremka hadi vijito vinavyoingia katika kijito cha Valley Creek.

Mabehewa hayo ya umeme yalibeba transfoma chini ya sakafu. Transfoma huhitaji kimiminika cha kupoza na kuzuia umeme usiruke, na kwa miongo kadhaa kimiminika kilichopendelewa kilikuwa na kemikali za kundi la PCB. Sifa iliyozifanya zipendwe ilikuwa kwamba haziungui kwa urahisi wala hazioziki. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyozigeuza kuwa tatizo. Transfoma zilipovuja au kufunguliwa wakati wa matengenezo, PCB ziliingia ardhini na kubaki humo.

PCB hujikusanya katika mafuta ya mwili wa samaki, mifugo na binadamu, na hupita kwa mtoto kupitia maziwa ya mama. Marekani ilisitisha utengenezaji wake mwaka 1979. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Katikati ya miaka ya 1980, Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani (EPA) ulichunguza udongo wa Paoli na kukuta viwango vikubwa vya PCB ndani ya yadi. Kemikali hiyo ilipatikana pia katika viwanja vya wakazi walio upande wa mteremko na katika mashapo ya vijito. Uvuvi wa kitoweo katika Valley Creek ulizuiwa kwa sababu samaki walikuwa wamebeba PCB. Mwaka 1990 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo yanayopewa kipaumbele cha kusafishwa, chini ya sheria ya mwaka 1980 inayowawajibisha wamiliki na waendeshaji wa maeneo yaliyochafuliwa kulipia usafishaji.

Tarakimu tatu kwa kemikali moja

Mwaka 1992 EPA ilitangaza uamuzi wake. Ndani ya yadi, udongo wenye zaidi ya miligramu 25 za PCB kwa kila kilo moja ulitakiwa kuchimbwa, kuchanganywa na vifungashio vya kuzuia kemikali isitoke, kisha kuhifadhiwa hapohapo chini ya kifuniko. Katika viwanja vya makazi, udongo ulitakiwa kuchimbwa hadi wastani wa kila kiwanja ufikie miligramu 2 kwa kilo. Katika vijito, mashapo yenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo yalitakiwa kuondolewa.

Kemikali ni ileile na mji ni uleule, lakini mipaka ni mitatu. Mwananchi anayesoma tangazo la aina hii kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuna upendeleo. Sababu yake inaeleweka mtu akifuatilia jinsi wataalamu wanavyopima hatari. Madhara hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: chanzo cha sumu, njia ya kuisafirisha, na kiumbe anayeipokea. Fundi wa yadi ni mtu mzima, huvaa viatu na glovu, na hukaa hapo saa za kazi tu. Mtoto katika ua wa nyumbani hucheza chini kila siku, hutia mikono mdomoni, na mwili wake bado unakua. Katika kijito hali ni nyeti zaidi, kwa sababu wadudu wa matopeni huliwa na samaki wadogo, samaki wadogo huliwa na wakubwa, na kiasi cha PCB huongezeka katika kila ngazi.

Kwa hiyo maneno "kiwango kinachokubalika" hayana maana kamili mpaka yafuatwe na maelezo ya matumizi ya ardhi. Ardhi iliyosafishwa hadi kufaa kwa yadi haijawa tayari kwa shule. Serikali au mmiliki anapobadili matumizi ya eneo, kipimo cha zamani hakihamishiki pamoja na hati. Tathmini hufanywa upya kwa kuzingatia watu watakaokaa hapo.

Kuna jambo jingine ndani ya tarakimu hizo. Kipimo cha viwanja vya makazi kilikuwa cha wastani. Wastani wa kiwanja unaweza kuwa mdogo hali kona moja, pale maji ya mvua yanapotuama, ina kiasi kikubwa. Ndiyo maana ripoti nzuri hutoa pia ramani ya mahali kila sampuli ilipochukuliwa na majibu ya kila sampuli. Mkazi mwenye ramani hiyo anaweza kuona kama sehemu anayolima mchicha ilipimwa au ilirukwa.

Maji ya ardhini na tabia za kemikali

Paoli ilikuwa na tatizo la pili. Mafuta yaliyokuwa yakitumika katika yadi yalikuwa yamepenya ardhini na kuelea juu ya maji ya ardhini. Uamuzi wa mwaka 1992 uliagiza visima vya kuyanyonya mafuta hayo na kusafisha maji. PCB zenyewe huyeyuka kwa shida sana katika maji na hushikamana na chembe za udongo, lakini huyeyuka vizuri katika mafuta. Mafuta yaliyomwagika mahali penye PCB yanaweza kuzibeba kwenda kina ambacho zisingefika zenyewe.

Tabia hizi hutofautiana kwa kila kemikali, na ndizo zinazoamua mchunguzi atafute wapi. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Viyeyusho vyenye klorini, vilivyotumika kuondoa grisi kwenye vipuri, ni vizito kuliko maji. Huzama hadi vikutane na tabaka lisilopitisha, kisha huyeyuka polepole kwa miaka mingi. Madini ya risasi kutoka kwenye rangi na betri hubaki karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo mikono ya watoto hufika. Kreosoti iliyopakwa mataruma ya mbao ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, baadhi zikibaki juu na baadhi zikizama.

Mfano wa viyeyusho uko Livingston, katika jimbo la Montana, ambako karakana kubwa ya vichwa vya treni ilifungwa mwaka 1986. Kiyeyusho cha kusafishia vipuri kilikuwa kimeingia katika maji ya ardhini chini ya mji. Hapo wachunguzi walilazimika kupima pia hewa, kwa sababu mvuke wa kiyeyusho ulipanda kupitia udongo na kuingia katika vyumba vya chini ya nyumba. Uchunguzi ambao ungeishia kwenye udongo wa juu wa karakana usingeona tatizo hilo hata kidogo.

Uchunguzi unavyofanyika

Uchunguzi wa yadi ya zamani huanzia kwenye makabrasha. Ramani za kale, picha za anga, orodha za vifaa na kumbukumbu za ajali huonyesha matangi yalikuwa wapi, betri zilitengenezwa wapi na maji machafu yalielekezwa wapi. Wastaafu ni hazina katika hatua hii. Fundi aliyefanya kazi miaka 30 hukumbuka shimo lililotumika kumwagia mafuta machafu, jambo ambalo halikuandikwa katika ramani yoyote.

Hatua ya pili ni kuchukua sampuli. Baadhi huchukuliwa mahali panaposhukiwa, na nyingine kwa mpangilio wa miraba unaofunika eneo lote ili kisiachwe kitu kisichotarajiwa. Udongo huchukuliwa katika kina mbalimbali, kwa kuwa sentimita 10 za juu zinaeleza hatari ya kugusa na mita 3 za chini zinaeleza hatari ya maji. Sampuli huchukuliwa pia nje ya eneo, mahali pasipohusika na shughuli za reli, ili kujua hali ya kawaida ya udongo wa sehemu hiyo. Bila sampuli hizo za kulinganishia, haiwezekani kusema ni kiasi gani kimeletwa na karakana.

Kwa maji ya ardhini, visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu huchimbwa ili kupima kimo cha maji katika kila kimoja na kujua mwelekeo wa mtiririko. Kisima kimoja huweka wazi hali ya sehemu moja tu. Hakimwambii mtu kama uchafu unaelekea kwenye visima vya majirani au unawapa mgongo. Katika nchi zenye masika na kiangazi, vipimo hurudiwa katika misimu yote miwili, kwa sababu kimo cha maji hubadilika na mwelekeo wake unaweza kubadilika pia.

Hatua ya tatu ni maabara. Kila sampuli husindikizwa na fomu inayoonyesha nani aliichukua, saa ngapi, na nani aliipokea. Sampuli rudufu na sampuli za maji safi huchanganywa kimyakimya na nyingine ili kupima uaminifu wa maabara yenyewe. Taratibu hizi huongeza gharama na muda, lakini huyapa majibu nguvu ya kusimama pale yanapopingwa.

Majibu ya Paoli yalipingwa. Watu 38 waliofanya kazi katika yadi hiyo au walioishi jirani nayo walifungua madai dhidi ya kampuni za reli, mtengenezaji wa PCB na mtengenezaji wa transfoma. Mgogoro ulifika katika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, iliyotoa uamuzi mwaka 1990 na tena mwaka 1994. Suala kubwa lilikuwa ushahidi wa wataalamu: ni vipimo na mbinu zipi zinazotosha kuaminika ili kufikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Baadhi ya ushahidi ulikubaliwa na mwingine ulikataliwa. Hukumu hizo bado hurejewa katika mashauri ya ushahidi wa kisayansi. Kwa mkazi wa kawaida zina fundisho la moja kwa moja: kuonyesha kwamba sumu ilikuwepo katika yadi hakukutosha. Ilihitajika kuonyesha kwamba ilimfikia mtu fulani, kwa kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho kina madhara. Uchunguzi uliochelewa au uliofanywa kwa pupa humnyima mlalamikaji ushahidi huo, na humnyima pia mwendeshaji nafasi ya kujitetea.

Sheria za Tanzania

Hakuna sababu ya kudhani kwamba kila karakana ya zamani imechafuka. Hakuna pia sababu ya kudhani kwamba ni safi kabla ya kupimwa. Sheria za nchi zimeweka misingi ya kupata jibu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuchukua hatua za kisheria kuilinda haki hiyo. Sheria hiyo imeweka kanuni ya mchafuzi kulipa, na kuitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Kanuni za viwango vya ubora wa udongo na maji, zilizotolewa mwaka 2007, ndizo zinazotoa vipimo vya kulinganishia majibu ya maabara.

Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka maji ya ardhini chini ya usimamizi wa Bodi za Maji za Mabonde. Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye dhamana ya eneo linalojumuisha Dar es Salaam na Morogoro. Anayetaka kuchimba kisima anapaswa kupata kibali, na kumbukumbu za visima hivyo ni msaada mkubwa kwa uchunguzi wowote, kwa sababu huonyesha nani anakunywa maji ya tabaka lipi.

Kuhusu PCB, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001. Mkataba huo uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye PCB, na unazitaka nchi wanachama kujitahidi kufikia usimamizi salama wa taka za PCB ifikapo mwaka 2028. Transfoma chakavu iliyotelekezwa katika ghala, iwe ya reli, kiwanda au umeme wa mtaani, inaingia katika wajibu huo. Kuuza mafuta yake mitaani, au kuyatumia kuchomelea au kukaangia, ni hatari kwa maisha, na hakuna namna ya kutambua PCB kwa rangi wala harufu. Vipimo vya maabara pekee ndivyo vinavyoweza kuitambua.

Mwananchi aulize nini

Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi ya reli, au taarifa ya matokeo ya uchunguzi, linapotolewa, yapo maswali matano yanayomsaidia mwananchi kulisoma kwa makini. Kwanza, kiwango kilichotumika ni cha matumizi gani: yadi, biashara, makazi au kilimo? Pili, sampuli zilichukuliwa wapi na kwa kina gani, na je, nje ya uzio zilichukuliwa? Tatu, visima vya uchunguzi ni vingapi, na maji yanaelekea wapi? Nne, kemikali zilizopimwa zinaendana na kazi zilizofanyika hapo, au zilipimwa zile za kawaida tu? Tano, kama uchafu utabaki ardhini chini ya kifuniko, nani atakikagua kifuniko hicho, na kila baada ya muda gani?

Swali la mwisho lina uzito wake. Chini ya sheria ya Marekani, eneo ambalo taka zimeachwa ardhini kwa kiasi kinachozuia matumizi huru hukaguliwa upya angalau kila baada ya miaka 5. Huko Paoli shughuli za matengenezo zilihamishwa katikati ya miaka ya 1990, lakini wajibu juu ya udongo uliofunikwa haukuhama nazo. Kifuniko kinaweza kupasuka, mwekezaji mpya anaweza kuchimba msingi, na hati inaweza kubadilisha mikono bila maelezo ya kilicho chini. Zuio la kuchimba linapaswa kuandikwa katika kumbukumbu za ardhi ili limfikie mnunuzi wa miaka 20 ijayo.

Mwananchi anayehitaji ripoti ya uchunguzi iliyo mikononi mwa taasisi ya umma anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi husika kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Wanaoishi jirani na yadi au karakana wanashauriwa kutochukua udongo wa maeneo hayo kwa kujazia viwanja, kutotumia mataruma ya zamani yaliyopakwa kreosoti kama kuni za kupikia, na kutoa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa mazingira wa halmashauri pindi wanapoona mafuta yanachuruzika au maji ya kisima yanatoa harufu ya dizeli. Wastaafu wa reli wanaokumbuka mahali palipozikwa au kumwagwa taka wanaombwa kuzieleza kumbukumbu hizo kwa ofisi hizohizo, kwa sababu zinaweza kuwaonyesha wachunguzi mahali pa kuchimba kwanza.